Kitufe Alichopewa Furaha

Alhamisi. Mvua inanyesha hapa mtaani Mikelenge tangu alfajiri, nami nimeamka na kinyongo.

Jana mkuu wa shule alimpa Furaha jukumu la mhakiki. Huyu Furaha, mwalimu mwenzangu sasa, nilimfundisha mimi kusoma. Sasa yeye ndiye anayethibitisha kwamba mtu fulani kweli alimaliza shule kwetu, na mimi niliyeijenga tovuti ya majina ya wahitimu nimebaki mwandishi tu, wa kuingiza majina. Nilipoifungua asubuhi, kile kitufe cha kijani cha "Thibitisha" hakikuwepo.

Sharti lenyewe nililiandika mimi. Ni jambo rahisi: kabla ukurasa haujajitokeza, tovuti huuliza aliyeingia ana jukumu gani. Akiwa mhakiki, kitufe kinaonekana. Akiwa mwandishi, hakionekani.

Nina wivu. Sitaupamba.

Kazi ya kwanza ya Furaha ilikuwa kusimamisha jina la mchimbaji mmoja wa Kalima, kwa kuwa hana karatasi. Mimi namkumbuka darasani, dawati la nyuma, dirishani. Basi nikaandika anwani ya ukurasa wa uhakiki, ninayoijua kwa kichwa. Ukafunguka. Kitufe nilikuwa nimekificha, lakini seva, kompyuta inayoihifadhi tovuti, sikuwa nimeiambia imkatae asiye mhakiki. Kidole kilikuwa tayari. Nilitaka Furaha akute jina limepita bila yeye.

Hapo nikakumbuka kabati.

Wakati wa vita tulipoteza ufunguo wa chumba cha rejista. Nikasukuma kabati mbele ya mlango, nikawaambia wenzangu hakuna atakayeuona. Askari mmoja aliliegemea akivua viatu, likasogea. Walichoma rejista zetu kama kuni za kupikia sombe, mboga yao ya majani ya muhogo. Ndiyo maana hadi leo watu wazima wanatuomba tuseme kwamba walisoma.

Nilikuwa nimeuficha mlango. Sikuwa nimeufunga.

Nikampigia Furaha, nikamweleza nilivyoingia na nilichotaka kufanya.

"Papa Ramazani, basi kila mwandishi anaweza kuingia? Funga, tafazali. Lakini usinifungie na mimi inje." Akacheka. "Na ule mutu wa Kalima, kuya kesho ku ofisi yangu utuelezee vile unamukumbuka. Tutaandika ushuhuda wako."

Nimefanya kazi hiyo hadi adhuhuri. Sasa seva yenyewe inauliza jukumu kabla ya kufungua chochote, hata kama mtu anaijua anwani. Nikajaribu kwa jina langu. Ikajibu: "Huna ruhusa."

Maneno hayo niliyatunga mwenyewe. Nimeyasoma mara mbili.

Bado inaniuma. Kesho nitakwenda ofisini kwake, nikae kwenye benchi la waombaji kama wengine, nimtetee yule mtoto wa dirishani ambaye sasa ana mvi. Hilo nitaliweza.

Lakini je, nitaweza kumwita "Mwalimu" mbele ya watu?