Duara Jekundu Begani mwa Mama

Mama,

Maharage yako jikoni. Leo usiende kuchuma mboga za lengalenga kule vichakani.

Asubuhi nilipokufungia zipu ya gauni, niliona duara jekundu nyuma ya bega, palepale ulipompaka kupe mafuta wiki jana ili aachie, kama mlivyowafanyia ng'ombe kule nyumbani Minembwe. Nilipokuambia, ukacheka: "Kupe wametuuma tangu utoto, nani alikufa?" Kupe wa huku ugenini wana ugonjwa unaoanza na duara kama hilo, na unaoweza kufika kwenye viungo, hata moyoni. Dawa ipo, tukiwahi. Siku nyingine kupe tumvute kwa kibano, bila mafuta.

~~Kaka Heri akupeleke kliniki.~~ Hapana. Nimeomba ruhusa kazini, mchana nakuja kukupeleka mwenyewe. Unicheke njia nzima ukitaka, lakini nikukute umevaa viatu.

Binti yako mwoga,
Joyeuse