Nenosiri Nililofuta Halikufutika

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na usinihukumu kabla hujafika mwisho, kwa maana hapa Rodi Kopany sina wa kumwambia bila maneno kufika sokoni.

Mimi ndiye niliyeandika programu ya kutunza rekodi za wagonjwa katika kliniki moja hapa, na mwezi uliopita majibu ya vipimo vya mama mmoja wa Mbita yakasikika kanisani kwao, tukaangalia tukakuta faili yake ilifunguliwa kwa nenosiri la daktari siku ambayo daktari mwenyewe alikuwa matangani Migori, na kompyuta ni ile ya mapokezi anapokaa Caren, dada ya mume wangu, basi nikamwambia daktari ni Caren, kwa sababu niliandika wazi kwamba daktari akishaingia, nenosiri lake lifutwe kwenye kumbukumbu ya mashine, nikaona hawezi kulijua ila aliyekaa karibu akimwona analiandika. Caren akasimamishwa kazi. Aliniuliza, "Nyamoita, uliniona nikifanya?"

Sasa Obare, niliyesoma naye, ameikagua programu akasema amri yangu ya kufuta haimo. Eti kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, iliona nenosiri halitumiki tena baada ya pale, ikahesabu kulifuta ni kazi bure, ikaiondoa amri ili programu iende mbio, kwa hivyo nenosiri lilibaki, na mwenye ujuzi akikaa pale analichota. Nimehakikisha, ni kweli. Lakini Obare na Caren wameonekana wakinywa chai Awendo, najiuliza mbona Obare ana haraka ya kumtetea, na mume wangu naye siku hizi anakula akinipa mgongo, sijui niamini nani, niseme au ninyamaze nichunguze kwanza?

Nyamoita

*

Nyamoita, pole, lakini nitakukwaruza kidogo. Ujanja wa kompaila umewanasa hata waliobobea, kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa kumtaja mtu ambaye hukumwona. Na hata baada ya kuhakikisha mwenyewe, umekimbilia kikombe cha chai. Obare akimpenda Caren au asimpende, amri ile haimo.

Sisemi Caren hana hatia. Sijui, na wewe hujui. Obare aulizwe alikuwa wapi siku faili ilipofunguliwa, na wewe uulizwe pia, maana anayeijua programu hiyo kuliko wote ni wewe. Ndiyo sababu huwezi kuwa mchunguzi. Daktari atafute mtu wa nje, asiye ndugu wala rafiki yenu.

Usinyamaze. Kesho asubuhi mwambie daktari kwamba programu yako iliacha mlango wazi. Manenosiri yote yabadilishwe. Andika amri ya kulifuta nenosiri kwa njia ambayo kompaila hairuhusiwi kuiondoa, kisha ukague kilichotoka kwenye kompaila, usiridhike na ulichoandika. Yule mama wa Mbita aambiwe na daktari, uso kwa uso.

Halafu nenda kwa Caren, mume wako akiwepo. Usimweleze habari za kompaila. Mwambie ulimshtaki bila ushahidi na kwamba daktari ameshausikia ukweli huo kutoka kwako. Akikufungia mlango, rudi nyumbani. Kuomba radhi ni juu yako, kusamehe ni juu yake, na usimharakishe.