Nyumba Zilizofungwa

Bweni la Wauguzi,
Chumba cha mwisho, karibu na bafu lililoziba,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa binamu yangu Msumari,

Pokea salamu zangu kabla ya lolote lingine. Hujambo? Goti lile lililoangukiwa na chuma limepona, au bado unachechemea baridi ikizidi? Na yule mwenzako wa chumbani anayekoroma, ameshahama au bado unaziba masikio kwa pamba? Nijibu yote, tafadhali. Barua zako siku hizi ni fupi kama risiti.

Huku tu wazima kwa kiasi. Hilo neno "kwa kiasi" nitalieleza huko mbele, usishtuke. Mama yako yuko nyumbani, anakula, anagomba, na sauti yake imerudi yote. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo imechafuka, na sina wa kumwambia ila wewe.

Uliniuliza kwenye simu kozi hii niliyoombewa ruhusa wodini ni ya nini hasa, nami nikakujibu harakaharaka. Ni mbinu za utafiti, Msumari. Asubuhi tunasoma epidemiolojia, yaani ugonjwa umempata nani, wapi, na kwa nini yeye na si jirani yake. Mchana ni takwimu za afya, na hapo nusu ya darasa inasinzia. Jioni ni utafiti wa jamii, namna ya kukaa na mtu kibarazani kwake ukamsikiliza bila kumtilia maneno mdomoni. Nilidhani nitachoka siku ya kwanza tu, lakini nikaipenda. Mwalimu wetu wa takwimu, mama mfupi mwenye sauti ya kuita wateja, alikuja darasani na gunia la mchele na bambo, kile chuma cha kuchomea magunia. Akatuonyesha kwamba mchele wa juu umechaguliwa ili ukupendeze, na mnunuzi mwenye akili huchoma katikati, pembeni na chini. Sampuli ndiyo hiyo, akasema. Nikatoka pale nimefurahi kama mtoto.

Wenzangu wanadhani mimi ndiye mwenye roho ngumu darasani, kwa sababu siku ya maabara walipoletewa vile vikopo vya choo cha wagonjwa, waliziba pua wakakimbilia madirishani. Mmoja alitapika kwenye sinki. Mimi nilivaa glavu nikafanya kazi. Mavi nimeyashika miaka yote ya uuguzi, hayajawahi kunidanganya. Kinyaa changu kilikuwa kinanisubiri kwingine.

Tuligawanywa makundi. Kundi letu likapata kiongozi ambaye tunamwita Wastani, maana umuulize lolote, hata njaa inauma wapi, lazima akupe wastani. Kijana mtanashati, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni. Ana maneno matamu na uso mkavu. Anaweza kukuahidi kitu huku anakiuka, na usimwone hata akipepesa jicho.

Kazi tuliyopewa ilikuwa mtaani kwenu. Ndiyo, mtaa huohuo uliokulia. Lile tangi la maji lilitengenezwa upya, na tangu lifunguliwe watu wananung'unika matumbo. Ofisi ya afya ikakiomba chuo kiwapeleke wanafunzi wahesabu nani ameharisha na nani hajaharisha. Wakionekana wagonjwa wengi, tangi lifungwe lisafishwe. Wakiwa wachache, liendelee.

Nilikwenda kulitazama lile tangi kabla ya kuuliza mtu yeyote. Msumari, nilisimama pale nikatema mate. Mfuniko umeoza upande mmoja na njiwa wanaingia na kutoka kama nyumba ni yao. Chini ya bomba kuna utelezi wa kijani, bata wamejilaza ndani yake wamestarehe, na kikombe cha bati kimefungwa kwa mnyororo, kila mpita njia anakinywea na kukiachia. Ukingo wa kile kikombe sitauelezea, nisije nikakuharibia chakula.

Sasa sikiliza kanuni, maana jambo lote limo humo. Tulichagua nyumba kwa kuruka, kila ya tano. Ukikuta nyumba imefungwa, huiachi. Unarudi kesho, unarudi tena keshokutwa, saa nyingine. Na huruhusiwi kuhoji nyumba ya ndugu yako. Kwa hiyo mimi nikapewa mtaa wa juu, na uchochoro wa mama yako akapewa Wastani.

Kwenye mtaa wangu nilikuta milango kadhaa ina kufuli. Nikarudi. Mmoja ulifunguliwa na mama aliyembeba mtoto begani, macho yamemwingia ndani, ndiyo kwanza wanatoka hospitali. Mwingine vivyo hivyo, baba na binti. Hapo nikaelewa. Waliofunga nyumba hawakwenda harusini. Walikuwa wodini, au kwenye foleni ya daktari, au wamempeleka mgonjwa kwa bibi yake. Ukiziruka nyumba zilizofungwa, umewaruka wagonjwa wenyewe.

Nikamtafuta Wastani. Nilimkuta kwenye mgahawa karibu na geti la chuo, anakunywa chai na madodoso yake yote yamekwisha, yamepangwa vizuri.

"Zile zilizofungwa umezifanyaje?" nikamuuliza.

"Nimeingia za jirani, dada."

"Kanuni si inasema turudi?"

"Nyumba ni nyumba, dada yangu. Wanaishi mtaa mmoja, wanakunywa maji mamoja. Mbona unajitesa?"

Akanisukumia kikombe cha chai nisiendelee kusema. Sikukigusa. Nikamwomba anionyeshe ni milango ipi, akanitajia, huku anacheka, kama mtu anayempa kichaa jiwe alichezee.

Nikaizungukia yote. Kwenye uchochoro wenu nilifika mlango wa tatu kabla sijatambua niko wapi. Ni ule wa bluu, Msumari. Kufuli lenu lilelile linalohitaji kupigwa kofi ndipo lifunguke. Fundi cherehani wa jirani akainua kichwa kwenye mashine yake akaniuliza kama natoka kumwona Shangazi.

"Kumwona wapi?"

"Hospitali. Hukuambiwa? Walimbeba juzi, hakuweza hata kusimama."

Mama yako alitundikiwa maji kwa siku kadhaa. Alikataza nisiambiwe, eti nisome kwa utulivu. Nawe alikataza usipigiwe, ndiyo maana nimeanza barua kwa kukuhakikishia kwamba yuko nyumbani na anakula. Nilimkuta wodini amenywea, midomo imepasuka, na bado akamwagiza muuguzi anipishe kiti kwa kuwa mimi ni msomi. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi nikamkanda miguu.

Na unajua kwenye karatasi za Wastani nyumba yenu inasemaje? Haipo. Badala yake yupo fundi cherehani, ambaye hanywi maji ya lile tangi kabisa, analetewa madumu kutoka kwa wakwe zake kwa sababu ya vidonda vyake vya tumbo. "Hakuna mgonjwa." Nyumba ya mama yako imehesabiwa nzima kwa tumbo la mtu mwingine. Nilipoiona ile alama yake ya vyema, kichefuchefu kilinipanda mpaka kooni, mimi niliyesimama na vikopo vya choo bila kukunja uso.

Siku ya kuwasilisha, Wastani alisimama mbele na michoro ya rangi. Watatu tu kwa kila mia, akasema, tena kwa huzuni nzuri, kama anawahurumia hao watatu. Darasa likapiga makofi. Nikanyoosha mkono. Nikasema nimezirudia nyumba zilizofungwa, zangu na zake, na zaidi ya nusu zina mgonjwa. Nikaeleza lini na vipi. Wastani akatabasamu na kusema dada amejitolea sana, ila ana ndugu mle mtaani, na sote tunajua kanuni ya ndugu. Kanuni! Yeye ndiye wa kunitajia kanuni! Nilitamani nimrushie lile bambo.

Nilitegemea mama wa gunia la mchele angenyanyuka. Alivua miwani, akaifuta, akasema nina hoja nzito sana, na ingefaa iandikwe ukurasa wa mwisho, kwenye kifungu cha upungufu wa utafiti. Ripoti ilishapelekwa ofisi ya afya asubuhi ileile. Baadaye aliniita pembeni akaniambia nina jicho la mtafiti. Nilimshukuru, na nikagundua kwamba simheshimu tena. Hilo liliniuma kuliko ya Wastani, maana mama yule anajua.

Nikaenda ofisi ya afya na matokeo yangu mkononi. Ofisa akasema nipitie kwa kiongozi wa kundi. Nikamwambia kiongozi wa kundi ndiye ugonjwa wenyewe. Akasema basi nilete barua yake.

Sasa njoo kwenye lililonifanya niandike leo. Pale kwenye tangi wamebandika tangazo kubwa lenye muhuri. "Maji haya yamechunguzwa na wataalamu. Ni salama." Yamechunguzwa na nani? Hakuna hata mmoja wetu aliyechota tone la maji yale akalipima. Tuliuliza watu matumbo yao, tena matumbo yasiyohusika. Na chini ya tangazo wameorodhesha watafiti wote. Jina langu lipo, kamili, la tatu kutoka juu. Sikuulizwa.

Mama yako ametoka hospitali. Nilimtembelea Alhamisi. Alinikaribisha kwa vigelegele, akaniketisha kwenye kile kiti chako, akaniletea glasi ya maji kwenye sahani, glasi ya wageni. Nikamuuliza yametoka wapi.

"Bombani kwetu. Hayo hayo uliyoyapima, mwanangu."

Nikamwambia mimi sikuyapima. Nikamwambia ndiyo yaliyomlaza. Akasema kilichomlaza ni kiporo, anakijua mwenyewe, na niache unyenyekevu, mtu akifanya kazi nzuri asione haya kusifiwa. Nikamwomba achemshe. Akaniuliza achome mkaa wa nini ilhali mtoto wa kaka yake ameweka jina. Nilipoimwaga ile glasi nje dirishani, aliichukua akaikausha kwa kanga yake. Baadaye akasema taratibu kwamba elimu imenifanya niwaone wachafu. Hajawahi kuniambia neno kama hilo tangu anilee.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwenye tangi, nikalikwangua jina langu kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka. Watu walinitazama, sikujali. Jana nimepita tena. Jina limerudi. Mama yako aliona palipokwanguliwa, akasema watu wa wivu wameanza, akamchukua fundi cherehani na kalamu yake nene ya kuchorea vitambaa, wakaliandika upya juu ya tundu. Sasa ni kubwa kuliko yote. Linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Wanawake waliokuwa wameacha kuchota pale wamerudi kwenye foleni na ndoo zao, na mmoja alinipungia mkono kunishukuru.

Kwa hiyo, Msumari, nakusihi. Mpigie mama yako. Mimi hanisikii tena, kila nikisema anasikia msomi anayejishusha. Wewe ni mwanawe wa pekee, na hujasoma hata darasa moja la takwimu, atakuamini. Usimweleze sampuli wala nyumba zilizofungwa. Mwambie umeota, mwambie daktari wa huko amekuambia, danganya unavyotaka, ila achemshe maji. Mwili wake hautastahimili mara ya pili. Sikufichi, mimi muuguzi na nimemwona.

Mimi Jumatatu narudi ofisi ya afya, na Jumanne, na kila siku watakayofungua. Nimeanza kuchota maji kwenye chupa safi na kuyapeleka maabara ya hospitali kwa wenzangu wa zamani. Majibu yatachukua muda. Mama yako anakunywa leo.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, mwambie alale kiubavu, kukoroma kutapungua. Mdogo wangu anakusalimu, amepasuka sauti na sasa anaongea kama babu. Mama anakusalimu pia na anauliza kama huko unapata nguo za kutosha. Mungu akulinde na vyuma, na baridi, na watu wenye uso mkavu.

Mama yako naye ananiagiza nikusalimu sana. Amesema nikuandikie, nisisahau, kwamba usiwe na wasiwasi naye tena, maji ya mtaani sasa ni mazuri, na aliyeyapima ni mimi.

Ni mimi wako nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
binti wa mjomba wako,

Sindano