Uzi Nilioufuta Kwenye Picha Yako

Chumba cha juu, kiwanda cha uchapaji,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Wifi yangu na watoto wazima? Sisi tupo, tunasukuma siku. Mama anakula vizuri, ila goti linamsumbua, na ole wako umkumbushe fimbo. Mimi nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka hata kuchana nywele naona kazi.

Kitabu chako cha shule kimeshachapwa. Usifurahi kwanza.

Unaikumbuka ile picha ya galaksi, yenye ufito wa nyota katikati na mikono miwili iliyojizungusha, na galaksi mbili ndogo pembeni? Niliisafisha mwenyewe. Nilimwambia bosi picha za mdogo wangu haziguswi na mtu mwingine. Basi nikaona ukungu mwembamba umetoka kwenye ile kubwa mpaka kwa jirani yake mmoja. Miaka kumi na tisa nafuta vumbi na alama za vidole kwenye picha za watu. Nikafuta. Tena nikajisifu, mtu mzima mimi!

Kumbe ule ukungu ni nyota. Picha hutufikia bila maneno, kwa hiyo maneno yako nimeyasoma siku ya kujalidi, kurasa zikitiwa jalada: "Tazama uzi huu. Majirani hawa wanavutana, na kila mmoja anambadilisha mwenzake." Nikatazama. Uzi hakuna, ni weusi mtupu. Nililia palepale mbele ya watu.

Bosi akasema, "Achana nayo, dada, nani atajua?" Nikamkatalia. Tumechapa ukurasa mpya, na kila nikitoka kazini nakata wa zamani na kubandika huo, kitabu kimoja kimoja. Vidole vimekakamaa kwa gundi. Mjalidi wetu, yule tunayemwita Kimya, ananisaidia. Jana akafungua mdomo: "Mwenye kitabu umemwambia?" Ndiyo maana naandika.

Nisamehe. Nimekuharibia kazi yako ya miaka.

Mama anakusalimu sana, na mjomba fundi saa anauliza utakuja lini. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Limebaki moja. Kwenye ukurasa wa shukrani umeandika kwamba dada yako ana jicho lisilopitwa na kitu. Nilipousoma niliufunika kwa kiganja. Huo sijaugusa. Niukate nao? Nijibu kabla sijamaliza.

Dada yako akupendaye, aliyekukosea.