Chaja Yangu na Redio ya Baba Neema

Jumatano, jioni

Kumbe kelele kwenye redio inaletwa na chaja ya simu yangu! Siku tatu namcheka mume wangu mbele ya mama yake: "Baba Neema, redio uliyoiunda inakaanga maandazi!" Maskini akachomelea waya zote upya, akaungua kidole. Kelele palepale.

Leo akiwa kwenye baraza ya kahawa nikachomoa chaja iliyokuwa ukutani karibu na redio. Kelele ikakatika, nikasikia mtu wa mbali anaongea, safi kabisa.

Aliporudi akasema, "Mama Neema, naivunja. Mimi si fundi."

"Usivunje. Ni chaja yangu."

Akajaribu mwenyewe. Akampakata Neema, wakasikiliza. Bora angenigombeza.

Mama mkwe bado anaamini mwanawe ameshindwa. Maneno yale ni yangu. Kesho namwita, nayafuta mbele ya Baba Neema.