Saa Mia Moja Machinjioni

Jumatatu, 3 Machi

Fomu imefunguka! Siku tatu mtandao umegoma, leo mchana umekubali. Niko nyuma ya friza la bucha, simu nimeiegemeza kwenye mizani. Shahada ya Tiba ya Mifugo. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Kazi ya mzazi — hapo nikakwama. "Mfanyabiashara" ni kujificha. Nimeandika: muuza nyama. Halafu nikacheka peke yangu mpaka mteja akauliza kulikoni.

Swali la nne: kwa nini unataka kutibu wanyama? Maneno mia tatu. Nimeandika mstari mmoja, nikaufuta. Ukweli ni huu, na humu hakuna wa kunicheka: tangu nimalize shule, miaka mitatu hii, nimekaa bucha kwa baba. Ng'ombe namjua kuanzia kwenye kulabu. Bega, ubavu, paja, hata nikifumba macho. Akiwa amesimama simjui hata kidogo. Akiumwa anasemaje? Wote wananifikia wakiwa wamekwisha nyamaza.

Shida iko ukurasa wa mwisho. Saa mia moja za mazoezi chini ya daktari wa mifugo, pamoja na barua yake. Mwisho wa kutuma ni 15 Aprili. Na daktari wa mifugo wa kufikika kwa miguu ni mmoja tu: yule wa machinjioni, anayekagua nyama na kuigonga muhuri. Wauza nyama wote humwita Muhuri. Baba hamwiti chochote.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia baba. Nilisubiri mpaka awe ananoa kisu, maana akinoa huwa na subira. Alicheka mpaka kisu akakiweka chini. Yaani mimi niwachinje, wewe uwaponye — mwanangu, si tutagombea mteja mmoja! Mama, aliyekuwa akipanga mifuko, akadakia kwamba afadhali nyumba hii ipate mtu wa kuwaomba radhi hao ng'ombe.

Kisha nikataja ni daktari gani. Kicheko kikakatika kama uzi.

Mwaka juzi Muhuri alimkatalia maini manne yenye minyoo, akayatupa, akamwambia mbele za watu kwamba macho yake hayaoni ugonjwa, yanaona kilo. Baba husahau siku aliyomwoa mama. Neno hilo hajalisahau.

Akaokota kisu, akaendelea kunoa. Mwishowe: nenda. Ila usimpe salamu zangu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza. Saa kumi na mbili asubuhi nipo getini. Nimepewa buti za mpira za mtu mkubwa, natembea kama bata. Muhuri ni mwembamba, miwani kaifunga kwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia, akasema usishike, tazama. Basi. Nimetazama kwa saa nne.

Ana visu viwili. Kimoja kikigusa uchafu, anakitumbukiza kwenye maji ya moto, anachukua cha pili. Anakata tezi — za taya, za mapafu, za ini — anazifungua polepole, kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Tezi ndizo zinazosema, aliniambia. Nyama inaweza kukuficha. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote za leo.

Aliyenichangamsha ni Haraka, mchuna ngozi. Jina linajieleza. Ng'ombe mzima anammaliza kabla hujapiga chafya mara mbili, lakini ngozi inatoka na matundu, na nyama ina chale za kisu huku na huku. Muhuri humkemea kila siku, naye kila siku hucheka. Mimi ananiita daktari tayari. Daktari, pisha, usije ukachunwa na wewe!

Ijumaa, 21 Machi

Saa arobaini na nne. Leo Muhuri amenipeleka zizini, kwa walio hai bado. Weka sikio hapa, nyuma ya ubavu wa kushoto. Nikaweka. Jike jekundu, joto kama mkate. Humo ndani — jamani! — ni kama kuna watu ghorofani wanahamisha makabati. Kila dakika kabati moja, pengine mawili. Muhuri akasema hilo ndilo tumbo lenye afya. Likinyamaza, ndipo uogope.

Miaka yote nimelisafisha tumbo hilo kwa maji na brashi. Sikujua lina sauti.

Jioni baba anakata mifupa, hanitazami. Kakufundisha nini? Nikamweleza. Akasema kumbe. Baadaye akauliza tena, kwa mbali: ubavu wa kushoto, eh?

Jumatano, 2 Aprili

Niandike yote, nisije baadaye nikajidanganya.

Nimefika na Muhuri kama kawaida. Wauza nyama walikuwa wametangulia, baba akiwemo. Alikuwa amechinjisha ng'ombe mmoja, dume kubwa, kulabu ya tano, kitambulisho cha baba kwenye mguu wa nyuma. Nikamsalimia kwa macho. Akajifanya anaangalia saa.

Muhuri akakata tezi za taya: safi. Tezi mbili za mapafu: safi. Ini alilitazama, akalibonyeza. Kulikuwa na foleni nyuma, watu wananung'unika kwamba jua linapanda. Mkono wake ukaenda kwenye muhuri.

Mimi nilikuwa upande wa pili, nyama imetanuliwa kifua wazi. Nikaangalia mbavu kwa ndani. Hazikung'aa. Mbavu kwa ndani zina utando, mwembamba, unang'aa kama sahani iliyooshwa. Baba mwenyewe ndiye aliyenionyesha nikiwa na miaka kumi. Hizi zilikuwa kavu, nyekundu, kama goti lililochubuka. Utando wote umebanduliwa. Pande zote mbili, kuanzia ubavu wa kwanza mpaka wa mwisho.

Ninajua kwa nini mtu huubandua utando. Wiki ya pili Muhuri alinieleza. Kifua kikuu cha ng'ombe hukaa hapo, vinundu kama punje za mtama. Ukibandua utando, vinundu vinaondoka nao. Ugonjwa unabaki.

Nilihesabu mpaka tano kimoyomoyo. Sijui kwa nini tano. Nikasema: daktari, mbavu hizi zimebanduliwa.

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini machinjioni pale kila mtu alisikia. Muhuri akaja upande wangu. Akapitisha kidole kwenye ubavu. Akarudi kwenye mapafu, akayakata vipande vyembamba kama mkate, kimoja, kimoja. Kwenye kipande cha saba au cha nane kisu kikakwaruza. Usaha mkavu, wa manjano, kama mchanga. Akakata ini katikati. Huko nako.

Dume zima likamwagiwa wino wa buluu, likaenda kwenye shimo la nyama iliyokataliwa.

Muhuri akauliza nani kabandua. Baba akasema: muulize mchunaji, mimi nimekuja nikamkuta kashaning'inia. Haraka akafungua mdomo. Akamtazama baba, ambaye ndiye humpa kazi karibu kila siku. Kisha akatazama sakafu.

Nami nilikuwa natazama mbavu. Kazi safi. Hakuna chale hata moja. Utando umetoka mzima kama shuka linalotolewa kitandani. Haraka hawezi kubandua hivyo hata umpe mwaka.

Alhamisi, 3 Aprili

Haraka amesimamishwa mpaka taarifa nyingine. Leo ngozi zimechunwa na mtu mwingine, kwa makini, na foleni imefika nje ya geti. Hakuna aliyeniita daktari.

Jumapili, 6 Aprili

Bucha imefungwa. Baba kajilaza mchana kutwa, uso ukutani, bila usingizi. Chakula anakula. Chumvi anaiomba kwa mama hata kama iko karibu yangu.

Mama alinifuata uani ninapoanika nguo. Akaniambia alichokiona siku ile ni mgongo wa baba ukirudi nyumbani, na kwamba hajawahi kuuona umekaa vile. Nikamuuliza, mama, ningenyamaza? Akabana shati la baba kwenye kamba, akalinyoosha kola. Akasema watu hula ile nyama, mwanangu. Na watoto wao. Kisha akasema: lakini Haraka naye ana watoto.

Kwa hiyo na yeye anajua. Nyumba nzima tunajua, tunapitishana chumvi.

Jumatatu, 7 Aprili

Saa ya mia imetimia. Muhuri ameniita kwenye kijiofisi chake — meza, feni mbovu, mihuri mitatu imesimama kwa mstari. Barua alikuwa amekwisha iandika, bahasha imefungwa kwa gundi, haruhusiwi kunionyesha. Fomu ya saa zangu akaiweka mbele yake, kalamu mkononi. Hakutia sahihi.

Akauliza: kazi ile ya mbavu, unaona ilikuwa ya Haraka?

Nikasema: sijui, daktari.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. Akaivaa. Akasema, taratibu kabisa, bila ukali: saa mia moja, na bado hujui.

Akatia sahihi. Akagonga muhuri. Akanipa mkono.

Nimerudi njia nzima nimeshika bahasha kwa vidole viwili, kama kitu kilichoiva mno. Nimetuma kila kitu leo hiihii, siku nane kabla ya mwisho. Swali la nne nililijibu kwa maneno mia mbili tisini na nane. Nimeandika juu ya makabati ya ghorofani. Mbavu sikuzigusa.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeitwa kwenye usaili!! Alhamisi ya tarehe 8 Mei, saa tatu asubuhi, jengo la pili, chumba cha kumi na nne. Nimesoma ujumbe mara sita. Mama kapiga kigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa.

Kisha nikaenda sokoni kununua bahasha kubwa ya vyeti. Nikamkuta Haraka anapakua matofali kwenye lori. Haraka! Sasa anafanya polepole, moja moja, maana matofali hayana mzaha. Nikatamani ardhi ipasuke. Yeye akaniona kwanza. Daktari! Akaninyooshea kiwiko, mikono ina vumbi. Akaniuliza habari za masomo. Nikamwambia nimeitwa. Akafurahi — akafurahi kweli, huo si uso wa kuigiza. Akasema akija kufuga mbuzi nitamtibia bure.

Nilikuwa na bahasha mkononi, nikaikunja mpaka ikawa ndogo.

Nyumbani nimesema kwa sauti, mezani, wote wapo: leo nimemwona Haraka, anabeba matofali. Baba akaacha kutafuna. Akameza. Akasema: mgongo utamuuma yule, ni mrefu. Akanipitishia chumvi mwenyewe. Sikuwa nimeiomba.

Jumatano, 7 Mei

Vyeti, viatu, kalamu mbili. Blauzi mama kaipiga pasi mara ya tatu. Baba kaandika kwenye ubao wa bucha: KESHO TUMEFUNGA. Sikumuuliza. Yeye ndiye aliyesema, akifunga kufuli: safari ni ndefu, huwezi kwenda peke yako na makaratasi yote hayo.

Makaratasi yenyewe ni manane.

Alhamisi, 8 Mei

Kwenye benchi, nje ya chumba cha kumi na nne. Naandika ili muda uende. Tuko kumi na sita, tumepewa namba. Mimi ni kumi na moja. Ameingia wa tisa. Binti wa namba kumi kanisogelea kunong'ona. Aliyetoka sasa hivi kamwambia wanasoma barua za wadhamini kwanza, halafu wanauliza kutokana nazo. Kwa utulivu, anasema. Hawatishi. Wanataka tu usimulie.

Basi wataniuliza kuhusu mbavu; Muhuri hawezi kuwa ameziacha.

Baba yuko kulia kwangu, kavaa shati la harusi za watu. Alisikia yote. Korido inanuka dawa ya sakafu.

Amesema, macho yakiwa mlangoni: wakikuuliza, usimtaje yule kijana. Haraka ana umri wa mjomba wangu mdogo, ila kwa baba wote ni vijana. Nikamwambia simtaji.

Akasema: niliviona vile vinundu. Nikasema moyoni ni vichache tu.

Nikamwambia: najua, baba.

Tangu lini?

Siku ileile. Ilikuwa kazi safi mno.

Akatoa sauti puani. Nilidhani amekasirika. Nikamtazama — nusu ya uso wake ilikuwa imefurahi, baba yangu huyu! Nusu nyingine sikuweza kuitazama.

Wa tisa katoka. Wa kumi kaingia.

Baba kaniomba karatasi. Nimechana humu humu, ukurasa wa nyuma. Nimempa kalamu ya pili. Ameweka karatasi juu ya bahasha ya vyeti vyangu, kwenye goti. Anaandika. Juu kabisa: Kwa Daktari wa Machinjioni. Akakata mstari wa kwanza. Kaanza upya. Mtu huyu huandika majina ya nyama ubaoni tu, herufi kubwakubwa. Sasa anabana ulimi kwa meno kama mtoto wa chekechea, na kalamu kaishika kama kisu. Sisomi. Nasoma. Jina la Haraka liko mstari wa pili, jina lake halisi, ambalo mimi sikulijua.

Mlango umefunguka. Namba kumi kashatoka? Mbona mapema hivi.

Baba kanigusa kiwiko. Anauliza: "niliubandua" ni neno moja au mawili?

Moja, baba.

Kumi na moja, wanaita —