Kiondo Kubwa na Mzee wa Ikutha

Sokoni Mbumbuni,
9 Agosti 1988.

Mpendwa mdogo wangu Nthenya,

Nakusalimu sana, mwana wa mama. Joto ya Voi iko namna gani? Shemeji Mutiso, miguu imepona? Hapa tuko wazima, ng'ombe mbili na mimi, na kati yetu mimi ndio mnono.

Barua yako nimesoma mwenyewe, usifikiri nilisomewa. Nimeingia ngumbaru, na mwalimu anasema hajaona kichwa kama yangu. Umeandika ati nisimkubali huyo mzee wa Ikutha mpaka nipunguze mwili, watu wasicheke. Nthenya, umesahau mimi ni nani? Lori ya Waithaka ilipozama kwa mchanga wa mto, wanaume kumi na moja walisukuma wakashindwa. Mimi niliegemea tu. Ikafika Machakos kabla dereva apande.

Sasa sikia. Tangu tumzike Musembi wangu Novemba, sisikii kitu. Sio uchungu, sio njaa. Chai ni maji ya moto tu. Akina mama wa kanisa walinizunguka wakingoja nilie, mpaka nikawaonea huruma, nikawapikia.

Nikashika kusuka kiondo. Unajua mtu huhesabu mistari, akifika mahali anafunga mdomo wa kiondo. Mimi sikuhesabu. Mkono ulienda tu, wiki baada ya wiki, na siku niliyoangalia, kiondo imenifika kifuani. Nani atabeba hiyo? Nikaipeleka kanisani siku ya mavuno, ikanadiwa.

Muthama, ndugu ya marehemu, akapiga kelele, "Hiyo ni ya kubeba Syombua mwenyewe!" Watu wakacheka, hata pasta. Nikamjibu, "Shemeji, tafuta mtu wa kuinua, mimi nitaingia!"

Ndio Kisilu, huyo mzee wa Ikutha, akasimama nyuma. Hununua mbuzi hapa sokoni, na mke wake alikufa mwaka juzi. Akainunua. Alhamisi huyo kwangu, ameivaa kichwani kama kofia. Akaniambia, "Mama Mutindi, umesahau kamba ya kubebea." Kweli, sikuwa nimeweka.

Nikaweka. Akarudi kusema asante. Akarudi tena, ati ile asante ilikuwa kidogo. Mara ya nne akaniuliza mambo ya kuoana. Nikamwambia, mzee, mwili huu wote unaona uko, lakini ndani hakuna mtu. Akasema, "Hata kwangu hakuna mtu. Tutakaa."

Jumatano tulikunywa chai hotelini, meza ya mlangoni, soko yote ikiona. Nilivaa gauni ya manjano na mshipi. Fundi alitaka kunishonea nyeusi, ati inaficha. Nikamwuliza, itaficha nini, na mimi naonekana toka Matinyani?

Nimemkubali, Nthenya. Na sipunguzi kitu. Musembi aliishi na mwili huu miaka thelathini, hakulalamika hata siku moja. Sikudanganyi ati nina furaha. Lakini Kisilu akikaa hapo kwa kiti, kimya ya nyumba hainisumbui.

Nisalimie Mutiso, na Muthoki, na yule mama jirani yenu wa maneno mengi. Mungu awalinde, awape mvua hata huko kwa vumbi.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba tunafunga ndoa. Nataka usimame upande wangu. Ukiona aibu, baki Voi. Nitasimama peke yangu, na hiyo nafasi itajaa.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata ukiniudhi,
Syombua